Shaba Haitoi Cheche

Baba yangu,

Naanza na habari yenyewe, maana najua ungenikatiza salamu uniulize mchezo ulikwendaje. Ulikwenda, Baba. Tena mimi ndiye niliyesimama mbele ya tanuri.

Cheka tu. Tangu tukuzike, kila aliyepita karakana yako hapa Kamalondo aliuliza nani atashika nafasi yako ya kucheza fundi myeyushaji kwenye sikukuu ya mtaa. Nikajibu kwamba nitacheza mimi. Papa Ilunga, mkuu wa kundi letu la maonyesho, alishika kichwa. Alinikumbusha kwamba wazee walioyeyusha shaba zamani hawakumruhusu mwanamke kusogelea tanuri, eti shaba ingekataa kutoka. "Bamwanamuke habakaribiake ile moto, hata kwa kucheza," alisema. Nikamwambia tanuri letu ni matofali ya kuazima na makaa ya jikoni kwa Mama. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: watu wakianza kuondoka kabla ya mwisho, nafasi ni ya binamu yangu Musa, na mimi nirudi kushona mavazi ya wachezaji. Nilikubali kwa kiburi.

Unakumbuka tulivyogombana kuhusu cheche? Shaba haitoi cheche, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini kwenye maonyesho ulimficha Musa nyuma ya tanuri na mashine ya kunolea chuma, ili kila nyundo yako ikishuka cheche ziruke. Nilikuita mwongo mbele ya Mama. Ukapangusa jasho, ukasema, "Bantu banakuyaka juu ya moto, Zaina. Shaba batajua kisha." Yaani watu huja kutazama moto, shaba wataijua baadaye. Nikanuna, halafu kikaja chakula, bukari na sombe, nikasahau kununa.

Basi Jumapili nilivaa aproni yako ya ngozi. Uwanja ulijaa, watoto mabegani kwa baba zao. Ile nainua nyundo, umeme ukakatika. Muziki kimya, kipaza sauti kimya, mashine kimya. Musa akachungulia kutoka nyuma ya tanuri, waya mkononi, watu wakacheka mpaka basi. Kisha wa nyuma wakaanza kugeuka waende zao. Papa Ilunga akanitazama, nami nikajua anawaza nini.

Sikuwa na cheche, Baba. Nilikuwa na makaa, na kipande cha bati la shaba kilichokwisha kuwa chekundu. Nikakikamata kwa koleo, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mvuke ukapanda, watoto wakapiga mayowe. Nikakitoa kimepoa, kimelainika, nikakiweka juu ya fuawe na kuanza kugonga kama tunavyogonga karakanani: mapigo mazito, mapigo mepesi, geuza, rudia. Kwa kuwa hapakuwa na muziki, nyundo ilisikika hadi barabarani. Mama mmoja muuza samaki akaanza kupiga makofi kuifuata, halafu majirani zake, halafu uwanja mzima. Waliokuwa wanaondoka wakarudi. Bati likajikunja polepole likawa kibakuli machoni pao, nami nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nililia pia, sikufichi. Nilitamani ungekuwa pale.

Umeme uliporudi, Musa akawasha mashine yake kwa furaha. Watu wakamzomea mpaka akaizima.

Papa Ilunga alichukua kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Huyu njo fundi yetu." Unamjua, kwake hiyo ni hotuba.

Lakini lililonimaliza ni Mama. Miaka yote alikutazama ukicheza kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya ule mwiko, na hata wewe hukumwita. Watu walipotawanyika, nilimwona anavuka, taratibu, kitenge kimekazwa kiunoni. Akaja mpaka kwenye tanuri, akanyoosha viganja juu ya makaa.

"Kumbe moto ya baba yako iko muzuri kwa karibu," akasema.

Sasa kwaheri, mzee wangu. Udongo uliokulaza ukuwie mwepesi, na Mola akupe raha uliyotupa sisi. Karakana iko wazi, nyundo zako zina kazi. Nakuahidi jambo moja: sikukuu ijayo mimi nitashika nyundo, na mivukuto ya kupulizia moto ataishika Mama.

Binti yako,
Zaina