Ua Uliofagiwa Kabla Sijafika

Kaloleni, Voi

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kupiga simu, na nimefanya makusudi. Kwenye simu nikikuuliza hali unajibu "sote wazima," kisha unaniuliza nimekula nini, na salio linakwisha. Mdogo wangu Rukia akusomee yote, na asiruke mstari hata akikuta jina lake.

Mimi huku sina homa wala kikohozi, lakini nafsi haitulii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, vumbi linaingia, nafunga. Yote ni kwa ajili ya hii kazi ya kupima taka.

Nilikueleza kuwa kaunti inataka kujua hoteli, gereji, maduka na viwanda vinatupa nini na kiasi gani, ndipo ipange magari ya kubeba na mahali pa kumwaga. Basi nampa kila mwenye biashara magunia aweke taka za siku nzima, kesho yake naenda na mizani ya kuning'iniza, napima, naandika. Nami ulivyonilea, siingii kwa mtu ghafla. Kila jioni nilikuwa napiga simu: "Kesho asubuhi naja."

Nikifika, ua umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Mama Wakesho, mwenye hoteli jirani na ninapoishi, ananitandikia kitambaa mezani, ananiwekea chai na kimanga, ile mihogo yao ya kuponda na maharagwe, kisha ananikabidhi gunia lenye maganda ya viazi ya kujaza sufuria moja. Kule Mraru fundi wa gereji alinionyesha mtungi wa oili chafu usiofika nusu. Wiki tatu nimeandika hivyo, nikijisemea watu wa huku ni wasafi kweli.

Jumanne nilisahau mwavuli kwa Mama Wakesho, nikaufuata Alhamisi mchana bila kupiga simu. Nyuma ya jiko nikakuta lundo la kufika kiunoni linafuka moshi, plastiki na makombo pamoja, na maji ya mafuta yanateremka mtaroni kuelekea mtoni. Aliponiona alishika kichwa.

"Woi! Si ungenipigia simu! Ungepata nimefagia."

"Kwani nikija, hizi zote huwa unazipeleka wapi?"

"Nazichoma mapema, kabla hujafika. Sasa wewe ni mgeni wangu, nikuonyeshe uchafu?"

Alifanya kwa heshima, Mama, nikashindwa hata kukasirika. Kesho yake nikaenda Mraru bila taarifa, nikakuta shimo nyuma ya gereji limejaa oili nyeusi. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba nilichoandika hakifai. Kaunti ikikifuata italeta kigari kimoja, na ule mtaro utaendelea kutiririka. Alinung'unika sana, kisha akasema nianze upya, na safari hii nisimpigie mtu simu.

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe. Mwezi jana, nyuma ya sauti yako, nilimsikia Rukia akisema, "Mama, usikanyage, kidonda kitafunguka." Ukakohoa, ukaniuliza bei ya nyanya Voi. Na Idi nilipokuja, ulikaa kitini toka nilipoingia hata nikaondoka, kanga mpya imefunika miguu, nyumba yote inanukia udi. Nami nikarudi huku nimeridhika, nikamwambia kila mtu mamangu hajambo.

Naogopa, Mama. Baba naye alianza na kidonda kidogo cha sukari, akatuficha asitusumbue, hata siku tulipojua, daktari hakuwa na la kufanya. Sitaki kuyarudia hayo.

Nisalimie Ami Bakari, mdogo wake marehemu baba, na Bi Zuhura jirani, mkunga aliyenipokea nilipozaliwa. Rukia naye mwambie sijamkasirikia, najua ni wewe uliyemfunga mdomo.

Mkubwa wangu amenipa siku nne kabla sijaanza upya. Naja nyumbani Kipini, ila siku sikwambii. Usifukize udi, usibadili kanga. Nitapiga hodi mlangoni kama ulivyonifunza, na nikiingia, kabla ya chai, nionyeshe mguu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha