Tulivyomlimia Mgonjwa Shamba Lake

Busunzu, Jumatano, mwezi wa kumi na moja, 1976

Tangu asubuhi mawingu yameatamia kilima kama kuku. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Na moyo wangu ni hivyo hivyo.

Nina aibu.

Nimeliandika hilo neno ili nilione. Aliyenifundisha kuandika ni Mwanaidi, jioni, kwenye baraza la zahanati, mimi na uzee wangu wote, ambaye shule niliipita njiani tu nikienda kulima. Alituambia tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Leo ninaandika habari zake na mkono umekuwa mzito kama mchi.

Mwanaidi ni mtaalamu wa mimea. Serikali ilimleta kutoka Tanga, na analala kwangu, chumba cha binti yangu aliyeolewa kijiji cha Titye. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, tunakula sahani moja. Kazi yake ni msitu. Zamani msitu wetu ulikuwa mmoja, kutoka chemchemi mpaka kilimani. Sisi tukakata, tukalima katikati, vikabaki vipande viwili vinatazamana kama ndugu waliogombania urithi. Tulipohamishiwa kijijini, mashamba ya katikati yakabaki hayana mtu. Mwanaidi akaomba apewe moja. Akalizungushia kamba, akaliacha. Halimi, hapandi. Anapiga magoti kwenye majani, anatazama, anaandika.

Kisimani wanawake walikuwa wanamcheka. Hasa Sabina, jirani yangu, mwenye mdomo usio na mlango.

"Mtaalamu mzima, shamba limemshinda! Huyo akiolewa atampikia mume majani?"

"Yewe Sabina," nikamwambia, "shamba lako wewe linalimwa na nguruwe pori, na hujawahi hata kuwapa asante."

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Lakini iliniuma. Mtoto wa nyumba yangu anaitwa mvivu!

Wiki iliyopita malaria ikamwangusha Mwanaidi, wakampeleka hospitali Kibondo. Kwetu mgonjwa haachiwi shamba lake likamezwa na majani. Ukimwachia, umemwambia afe. Basi nikapita nyumba kwa nyumba, nikatoa pombe ya ndizi, wanawake wakaja na majembe yao, Sabina wa kwanza. Mdomo ule, lakini kwenye kazi ya mgonjwa hakosi.

Tulilima tukiimba. Tuling'oa kila kilichosimama. Kulikuwa na vibati vidogo vimefungwa kwenye miche, Sabina akasema ni vya kutishia ndege, akavifungua, kimoja akamvika mbuzi wake shingoni. Tukacheka sana. Majani tukayachoma. Kando ya kamba nikafagia mwenyewe. Shamba likang'aa kama uso wa bibi harusi.

Leo amerudi. Amekonda. Sikumpa hata uji, nikamshika mkono, nikampeleka kule, njia nzima ninatabasamu kama mjinga.

Alisimama. Kisha akachuchumaa, akashika udongo.

"Nani amelima, bibi?"

"Sisi! Tukuache, na wewe mgonjwa wetu? Sasa nimwone wa kukuita mvivu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Asanteni," akasema. "Mmefanya kazi kubwa." Halafu akafunika uso kwa khanga.

Njiani tukirudi akanieleza: yale majani ndiyo yalikuwa kazi yake. Alikuwa anangoja aone kama msitu utarudi wenyewe, mti kwa mti, mpaka vile vipande viwili vishikane tena. Mininga ilikuwa imeanza kurudi. Kila kibati kilikuwa jina la mche. Amengoja misimu miwili ya mvua. Wakubwa wake wakikosa cha kuona, watamrudisha kwao, na wazee wa kijiji walishasema msitu wa chemchemi nao ukatwe, uongezwe kwenye shamba la kijiji.

Sasa niandike lililo baya zaidi.

Haya yote alishanieleza. Siku alipofunga kamba alitueleza wanawake wote, akaniuliza mimi mkubwa wao, "Bibi Anastazia, umeelewa?" Nikatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza shule. "Nimeelewa sana, mwana wanje, mwanangu." Sikuelewa hata neno moja. Niliona haya kuuliza mbele ya Sabina. Wenzangu wakaniamini mimi, wakanyamaza. Kwa hiyo lile "nimeelewa" ndilo lililolima shamba. Majembe yalifuata tu.

Jioni ugali hakuugusa. Nilipomsogezea maziwa akanywa kidogo, ili asiniumize. Akaniambia mizizi mingine imebaki chini, kwamba mninga ukikatwa huchipua, ukiachwa.

Ukiachwa.

Naye Sabina amepita mlangoni kabla giza halijaingia, ana furaha. "Kesho tunakuja na mbegu, dada. Shamba safi vile litakaaje bure? Tumpandie maharage, msaada ukamilike." Mimi nikanyamaza. Hata hapo nikanyamaza! Mwanaidi alikuwa chumbani, najua amesikia.

Kesho alfajiri nitatangulia mimi kwenye kamba. Jembe nitaliacha nyumbani. Watakapofika na vikapu vyao nitasema mbele yao wote, na Sabina awe mbele kabisa: mimi sikuelewa, nilidanganya, rudini na maharage yenu. Nitamwomba Mwanaidi atueleze tena, polepole, na safari hii nisipoelewa nitauliza mpaka achoke. Vibati tutavitafuta, na cha shingoni kwa mbuzi nitakivua mwenyewe. Sabina atacheka. Acheke, nina deni lake la kicheko tangu siku ile ya kisimani.

Na majani yakifika kiunoni, wapita njia wakiuliza hili ni shamba la mvivu gani, nitajibu: ni langu.