Mama Anataka Kuuona Mdomo Wako

9 Februari

Kwa mdogo wangu mchungaji,

Hujambo? Wanao hawajambo? Huku sisi wazima, isipokuwa mama. Masikio yameziba kabisa. Nikidondosha sufuria nyuma yake hageuki. Lakini akili anayo, na maneno anayasoma mdomoni. Ukikaa mbele yake ukasema polepole, anakujibu, tena anakutania. Juzi fundi viatu wa hapa jirani alimtania akidhani haambulii kitu, akarudishiwa yake mpaka akakimbia.

Ila kifua kinambana, na daktari amenivuta pembeni akaniambia nijiandae. Mama anataka kitu kimoja tu: uje umwombee uso kwa uso, ayaone maneno yakitoka kinywani mwako. Anasema amezaa mtumishi wa Mungu, mbona aombewe na wa kuazima? Njoo, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako.

2 Machi

Dada mpendwa katika Bwana,

Salamu nyingi, nasi tunaendelea kwa neema. Barua yako nimeipitia haraka haraka kati ya ibada mbili, nimeelewa mama anaumwa. Poleni sana. Lakini dada, mwili ni nguo tu, cha maana ni roho. Huku tunajenga kanisa, na mkutano mkubwa uko mbele yetu. Nikiziacha roho za watu zipotee, siku ile nitajibu nini?

Nimemrekodia mama mahubiri ya uzima wa milele, na jina lake nimelitaja mwanzoni. Yamo ndani ya redio mpya ninayomtumia. Mwekee, na ufungulie sauti mpaka mwisho.

Mdogo wako mtumishi.

15 Machi

Mdogo wangu,

Hali yako siulizi, maana mwenye nafasi ya kujirekodi saa nzima ni mzima.

Hivi barua yangu uliisoma, au uliipangusia meza? Nilikuandikia mama hasikii! Redio ilipofika nililia, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mwanao amekutumia mahubiri. Loo, alivyofurahi! Akaipakata, akaweka kiganja penye spika, akahisi inavyotetemeka. "Anahubiri kwa nguvu," akasema. Sasa kila asubuhi lazima niiwashe. Majirani wote wameshaokoka kwa kulazimishwa.

Mimi namwogesha, namgeuza, akisinzia nakaa kwenye cherehani nishone nguo za watu, na sauti yako inanikemea nisijisumbue na mambo ya dunia. Kwani mama ni mambo ya dunia? Huyu atasimama mbele za Mungu. Hilo jengo lako halitasimama popote. Ukitaka cha milele kipo huku kitandani, kinakuulizia. Betri zikiisha, mkono wake unabaki pale pale kwenye spika. Nimechoka, na nina hasira na wewe. Njoo.

Dada yako.

28 Aprili

Dada,

Natumaini mnaendelea vizuri. Ukali wako umenikwaza, lakini nimekusamehe. Nimeomba, nimepata kibali. Mkutano ukiisha nakuja na kwaya na vipaza sauti vikubwa, tumfanyie mama ibada ambayo mtaa mzima utaisikia. Mwambie anisubiri.

Mdogo wako mtumishi.

11 Mei

Mchungaji,

Hujambo.

Nilimwambia akusubiri. Nilisema polepole, karibu na uso wake, akaitikia kwa kichwa. Jumanne asubuhi pumzi zikaanza kukatika, naye bado anakuulizia. Nikamwita fundi viatu. Yule kuomba hajui, kanisani hukaa nyuma kabisa ili awahi kutoka. Alinawa gundi mikononi, akapiga magoti pale mwanga wa dirisha unapoingia, akaomba neno moja moja, mdomo wazi. Maneno yalipomwishia akarudia yale yale. Mama hakumwondolea macho. Akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa, fundi akashtuka. Baada ya hapo hakusema tena.

Tumemzika. Fundi ndiye aliyeomba kaburini, akifungua mdomo vilevile, polepole, na hakuna aliyecheka.

Usije na vipaza sauti. Redio nakurudishia. Penye spika pana alama ya mafuta aliyokuwa akijipaka mama; sikuifuta. Iwashe, ziba masikio, weka kiganja chako hapo, uone mama alipata nini kutoka kwako.

Binti wa mama yako.