Kelele ya Juu ya Dohani

Dada yangu,

Mama hajambo, goti tu ndilo linamsumbua. Paka wako amezaa ndani ya ndoo yangu ya chokaa na hataki kuhama. Mimi bado niko kwenye ile nyumba kuukuu ya ufukweni. Kuna mjuaji alizibaziba kuta kwa saruji, chumvi ikakosa pa kutokea, sasa zinabanduka kama magamba. Dohani ya kutolea moshi imeoza kabisa, ikabidi niibomoe.

Mumeo alikuja jana asubuhi. Alimkuta kibarua anayenichanganyia chokaa, akampasua mdomo kwa mpini wa sururu, meno mawili yakaangukia mchangani. Kisha akasimama chini ya dohani, mimi nikiwa juu yake nabomoa, akanitukania mama.

"Shemeji! Umemficha wapi? Nikimpata, safari hii namvunja na mkono wa pili!"

Mkono wa pili, dada. Wewe uliniambia uliteleza bafuni.

Nilikuwa nimeshika pande la matofali lililokwisha achana na ukuta. Nikalisukuma.

Tulimfukua kwa mikono. Kichwa sikuweza kukitazama. Tumemzika leo.

Polisi wameniuliza kama nilitoa onyo, nami nimewajibu kweli tupu. Unajua sisi mafundi, kabla ya kuangusha kitu hupiga kelele, "Chini!" ili walio chini wakimbie. Nilipiga kwa pumzi zangu zote. Vibarua wote walikimbia.

Yeye si fundi. Aliinama akatazama miguu yake.

Rudi nyumbani.

Mdogo wako wa juu ya paa