Kiti cha Katikati

Hadi! Weka randa chini usome. Kile kiti ulichokichonga ukaniazima kimenitia aibu.

Wajua leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga picha peke yangu. Kaja Mzee Yeslam na wanawe wanne. Nikawapanga kama nilivyofundishwa: mkubwa kitini katikati, wana wawili kila upande, juu pawe wazi jicho lipate kupumua. Mizani sawasawa, Hadi. Sawasawa!

Nikawaambia, "Msitikisike mpaka niseme basi." Nikafungua kamera; hukaa wazi kitambo ndipo picha ishike.

Papo hapo mlangoni, "Salaam aleikum!" Nani? Ndugu mkubwa wa Mzee Yeslam, na bakora yake.

Wakainuka. Wote watano, wallahi! Wakaenda kumbusu mkono. Na mimi, mpiga picha mzima, nikaenda nao, kamera nimeiacha wazi!

Karatasi ya pili hii, sikuweza kungoja jibu lako. Picha tumeisafisha. Watu wote ni moshi. Moshi kulia, moshi kushoto, na katikati kiti chako, kila nakshi yahesabika.

Mwalimu wangu kacheka hata kakaa chini. "Mizani umeipata," asema. "Watu ndio waliokupotea."

Nikadhani Mzee Yeslam atanifokea. Wapi! Aitaka aitundike ukumbini, wanawe wasisahau kuwaamkia wakubwa.

Sasa tumeianika dirishani. Wapita njia watatu wamesimama kuitazama, na hapana hata mmoja aliyeuliza mpiga picha ni nani. Wote watatu wameuliza: kiti hiki, fundi wake nani?