Ndui Tuliyoizua Kipungani

Bwana Kadhi, masharifu, walimu, wazee wa Langoni, waandishi wenzangu, na nyinyi mabibi mlio nyuma ya pazia: hitima imekwisha, na ubani ungali unafuka. Karatasi hii niliyoishika ni barua. Niliyemwandikia leo ana siku arubaini kaburini. Niwieni radhi nimsomee mbele yenu, kwa kuwa yaliyomo yanawahusu.

Mwalimu wangu Kombo,

Gazeti lako limebaki hai. Laiti lingalikufa nawe.

Miaka saba nilikaa darini kwako nikinakili habari za mji kwa kalamu ya mwanzi, nakala ishirini kila Alhamisi, zikasomwe barazani baada ya sala ya Ijumaa. Sharti lako lilikuwa moja: mtu asiandikwe kabla hajasomewa habari yake mlangoni kwake. "Habari ya mtu haina ndia ya mkato," ulikuwa ukisema. Tulipoletewa tanzia ya nahodha mmoja wa Pate, ulinituma hadi bandari yao ya Mtangawanda, nikamkuta marehemu anakula samaki. "Waambie sijafa," akasema, "nawe karibu ule kabla sijafa kweli." Ulicheka hata ukamwaga wino.

Juma la pili baada ya kukuzika, Bwana Athmani, auzaye mikeka ya ng'ambo, alituletea habari kwamba nyumbani kwa Bi Mwanaidi, mjane asukaye mikeka Kipungani, mmeingia ndui. Nikamuuliza ni nani aliyeiona. "Mzee kafa na sharti lake," akanijibu. "Au utamfukua kwa ajili ya mkeka?" Wenzangu wakacheka. Nami, Mwalimu, nikatabasamu, nikaandika. Nakala zote ishirini ni mwandiko wangu, ule uliokuwa ukiusifu.

Mikeka yake ilichomwa moto ufukweni. Wanawe walifukuzwa chuoni, wasisome Kurani na wenzao. Alipokuja mjini hakufunguliwa mlango hata mmoja, akasimama chini ya dirisha letu akaita, "Wanangu, kwangu hakuna hata mwenye kikohozi. Mulipita lini mukaona?"  Siku ya pili nikawakuta wenzangu wakiiga sauti yake, vikombe vya kahawa mkononi.  Tangu hapo vidole hivi navionea kinyaa hata kulia wali.

Juzi nilikwenda Kipungani, nikiwa nimechelewa mno. Ua umefagiliwa, watoto wazima. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikaribisha ndani. "Urongo muliusoma barazani," akasema. "Kweli waniletea mimi peke yangu? Mimi naijua."

Mwalimu, Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi kwamba sitaandika neno jingine la gazeti lako mpaka mama yule asafishwe jina mbele ya waliolichafua. Buriani.

Na sasa nyinyi mliohudhuria. Habari ile ilikuwa uongo, na niliyeiandika ni mimi. Kesho, baada ya sala, jambo hili litatangazwa katika kila baraza ilikosomwa habari ile ya kwanza. Kila mwenye nakala aje nayo, tuichane hadharani. Walimu, Jumamosi watoto wale wapokeeni chuoni. Bwana Kadhi ameridhia yote haya, na ameamua nani atakayesoma.

Bwana Athmani, karatasi yako ya kesho ni hii.