Vipande vya Tairi Chini ya Madawati

Manzese, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Dada Kandida mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kuandika kabla chai haijapoa, maana nikingoja nafasi nzuri nitangoja mpaka masika. Nawaza saa hizi mmetoka kanisani na baridi yenu ya Mbinga, na mama amejisogeza jikoni karibu na moto na lile goti lake. Limepungua kuvimba? Mwambie nimemuulizia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, asije akasema mji umenimeza. Mie mzima (unaona, nimeshaanza kusema "mie" kama watu wa hapa). Malaria ilinigusa mwezi uliopita ikaniacha, na tangu maharage uliyonitumia yafike nimerudisha mwili. Nilimwonjesha mama mwenye nyumba. Kesho yake alinirudishia bakuli tupu akauliza kama bado yapo.

Umeuliza kwa nini kwenye picha niliyowatumia sina sharubu, tena unasema mama amehofu nimefiwa na mtu nikawaficha. Hakuna msiba, dada. Sharubu zimekwenda kwa ajili ya mwanafunzi wangu mmoja. Habari yake ni ndefu, ndiyo maana barua hii ni nene.

Unajua mwaka huu nilipewa kidato cha pili niwe mwalimu wao wa darasa, na ninawafundisha Kiswahili na jiografia. Humo yumo binti anaitwa Rukia, anayelelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Zuhura, mwenyeji wa pwani hii tangu babu zake. Mwaka jana Rukia ndiye niliyekuwa namuuliza swali la mwisho nikiwa nimechoka, kwa kuwa nilijua jibu litatoka na sote tutakwenda nyumbani. Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku nyingi, tukamwombea kila dini kwa namna yake, na alipopona akarudi shuleni amekonda lakini anacheka. Tulifurahi sana.

Ila hakuwa Rukia yule. Namwita, hageuki. Namuuliza kuhusu mito, anajibu kuhusu milima. Wenzake wakicheka, anacheka nao bila kujua wanamcheka nani. Nikajiambia kwamba huruma ya wakati wa ugonjwa imemdekeza. Siku moja nilimtoa nje asimame juani mpaka kipindi kikaisha. Hili sijamwambia mtu mwingine, dada. Nakuandikia wewe kwa sababu najua utanikasirikia lakini hutanitupa.

Wiki ile ile niliwapa imla. Nilipokuwa nasahihisha nikaona niliposema "mama", Rukia ameandika "baba". Niliposema "pata", ameandika "bata". Paa la nyumba limekuwa baa la nyumba. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika chini kwa herufi kubwa: SIKILIZA, nikapiga na mistari miwili. Nikafunga daftari, nikaenda kunywa maji. Niliporudi, sijui nini kilinifanya nilifungue tena. Nikaanza kuyatamka maneno yale taratibu, vidole vikiwa mdomoni. Mama. Baba. Pata. Bata. Midomo inafumba vilevile na kufumbuka vilevile. Hapo nikakaa. Mtoto alikuwa hasikii. Alikuwa anasoma mdomo wangu, tena mdomo wenyewe umefunikwa na sharubu, na nusu ya kipindi mwenye mdomo ameangalia ubao.

Alasiri hiyo hiyo nilikwenda kwa Bi Zuhura, nyuma ya karakana za maseremala. Rukia alikuwa uani anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nilimwita nikiwa hatua tatu tu nyuma yake. Aliendelea kusugua sufuria. Bi Zuhura akainamisha macho, akanikaribisha mkekani, akanieleza. Hospitali walisema sikio moja halina kitu tena, na la pili linapata kidogo tu, na hakuna dawa ya kulirudisha. Yeye na Rukia ndio walioamua kuficha. Nilipomuuliza Rukia kwa nini hakuniambia, alijibu kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe:

"Ningesema, mngenionea huruma, halafu mngenirudisha nyumbani."

Nilimwomba radhi palepale mbele ya bibi yake, kwa habari ya jua na kwa habari ya kalamu nyekundu, nikimtazama usoni ili alione neno lenyewe likitoka. Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye sufuria zake. Bi Zuhura ndiye aliyenisindikiza mlangoni. "Kosa ulilolijua limekwisha nusu, mwalimu," alisema. "Nusu iliyobaki ni kazi."

Na kazi ilikuwepo kweli. Mkuu wetu wa shule ni mama mkali, lakini hana upendeleo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna hata mmoja wetu aliyesomea kufundisha wasiosikia, shule yao maalumu iko mbali na imejaa, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili unakaribia. Mwisho wa mwezi walimu wangekaa kuamua kama Rukia aondoke. Nikaanza kumweleza jinsi alivyo na akili, akanikatiza. "Festo, usiniletee huruma," akasema. "Niletee namna."

Namna ningeitoa wapi? Maktabani nilikuta vitabu viwili vinavyoeleza sikio lilivyoundwa, havisemi neno kuhusu mwalimu mwenye wanafunzi sabini. Ndipo mwalimu mwenzangu wa fizikia aliponiambia habari za duka moja la Kinondoni lililofungua huduma ya intaneti. Huenda nanyi mmeisikia redioni. Ni kompyuta zinazoshikana na kompyuta nyingine za dunia nzima kwa waya wa simu, na mtu akiandika kitu huko aliko, wewe unakisoma hapa. Zamani duka hilo liliuza redio na pasi. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, lakini anayeelewa mashine zile ni binti yake, Sakina, aliyemaliza kidato cha sita juzijuzi. Anavaa miwani na hapendi mtu abofye ovyo.

Jumamosi ya kwanza nilitoka mikono mitupu. Niliandika neno la Kiingereza la kiziwi, nikaletewa wauza vifaa vya masikioni, vyuo vya Ulaya, na mhubiri anayeponya kwa simu. Kila ukurasa unashuka mstari kwa mstari kama mtu anayeteremsha pazia, na ulipofika katikati umeme ukakatika. Jumamosi ya pili Sakina alisimama nyuma ya kiti changu akatazama ninachofanya, halafu akaniuliza nina shida gani hasa. Nikamweleza habari za Rukia.

"Mwalimu, wewe unauandika ugonjwa, ndiyo maana unaletewa madawa," alisema. "Andika unachotaka kukifanya Jumatatu asubuhi ukiingia darasani."

Nikaandika hivyo: namna ya kumfundisha mwanafunzi asiyesikia vizuri katika darasa kubwa la kawaida. Dada, ukurasa uliokuja niliusoma nikiwa nimeshika shavu kama mtoto. Uliandikwa na mama mmoja mwalimu mstaafu, huko ng'ambo, na hauna hata neno moja la kujitapa. Anasema mwanafunzi akae pale atakapoona uso wako na mwanga ukuangukie wewe usoni, usije ukasimama dirishani ukawa kivuli. Usiseme huku unaandika ubaoni. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Usipige kelele, kwa sababu kelele huupotosha mdomo. Andika mada kabla ya kuanza, ili ajue maneno ya namna gani yanakuja. Mwenzake akijibu swali, lirudie jibu ukiwa umemtazama yeye. Na wenye ndevu na sharubu zilizofunika midomo, wazipunguze. Niliposoma hapo nikajishika mdomo, Sakina akacheka kwa mara ya kwanza. Sharubu hazikuiona Jumapili.

Mashine ya kuchapa karatasi ilikuwa mbovu, kwa hiyo nilinakili kwa mkono. Muda wangu ulipokwisha Sakina alikwenda kuhudumia wengine akaniacha pale mpaka nikamaliza. Jumamosi ya tatu alikuwa amenitafutia kurasa nyingine kabla sijafika, za mazoezi ya maneno kwa picha, na moja ya wanafunzi wenyewe, vijana wasiosikia wanaoeleza wanavyosoma. Hiyo nilimtafsiria Rukia. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaomba aende nayo nyumbani.

Si yote yaliyotufaa. Yule mama aliandika kwamba sakafu itandikwe zulia, maana kelele za viti humzuia mtoto kutumia usikivu mdogo aliobaki nao. Zulia, dada! Sakafu yetu ni saruji, na madawati yakivutwa utadhani ng'ombe wanachinjwa. Nilimsimulia Bi Zuhura kama kichekesho, lakini yeye hakucheka. Aliniuliza madawati yana miguu ya upana gani. Siku ya pili akanipeleka kwa fundi wa viatu vya matairi, jirani yake, aliyekuwa na rundo la vipande vinavyobaki akishakata soli. Fundi alitukatia vipande vya kutosha darasa zima na hakutaka tumlipe, alisema vilikuwa vinamzibia njia tu. Darasa langu walibaki alasiri moja wakavipigilia misumari chini ya kila mguu wa dawati, Rukia akiwa na nyundo yake. Asubuhi yake mkuu wa shule alipita barazani akasimama, akachungulia ndani. Alidhani darasa limetoroka.

Kwenye kikao cha walimu niligawa karatasi moja moja, nimeiandika kwa Kiswahili chepesi. Mwalimu wa hisabati alipinga. Alisema ana watoto wengi mno, hawezi kugeukageuka kama feni kwa ajili ya mmoja, na sikumwona mbaya, maana mie nilifanya makubwa kuliko hayo. Mkuu akasoma karatasi yake yote kimya, akasema Rukia abaki mpaka mtihani, kisha tutaona. Alipokuwa anatoka nikamwona anaikunja na kuiweka mkobani. Wiki chache baadaye nilipita darasani wakati wa hisabati. Mwalimu yule alikuwa anaandika ubaoni kimya kabisa. Alipomaliza akaweka chaki chini, akageuka, ndipo akaanza kusema. Na wanafunzi wa viti vya nyuma wakaniambia kwamba siku hizi hata wao wanaelewa zaidi, kwa kuwa walimu wameacha kuongea na ubao.

Matokeo yametoka juzi. Rukia amefaulu kuingia kidato cha tatu. Hisabati nusura imwangushe, lakini Kiswahili amekuwa wa pili darasani. Bi Zuhura alikuja shuleni na sinia la vitumbua limefunikwa kitambaa, akapita kwa kila mwalimu mmoja mmoja, na kwa mwalimu wa hisabati akamwekea viwili.

Kabla ya matokeo nilikuwa nimemwomba Sakina anisaidie kumwandikia shukrani yule mama wa ng'ambo. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Alisema aliuweka ukurasa ule alipostaafu na alikuwa amekata tamaa kwamba kuna mtu anausoma. Kisha akauliza vipande vyetu vya tairi vina unene gani na tulivipigilia vipi. Wiki iliyopita Sakina alinionyesha: chini ya lile neno la zulia, sasa imeongezwa kwamba shule isiyo na zulia inaweza kutumia mpira wa tairi kuukuu, kama walivyofanya walimu wa Dar es Salaam. Nilimpelekea habari fundi wa viatu. Aliacha kukata, akaniomba nirudie.

Sasa nije kwako. Humu ndani nimekuwekea kurasa zote, nimezitafsiri na kuziandika kwa mwandiko mzuri, pamoja na picha za maneno utakazoweza kuzichora kwenye maboksi. Zisome na walimu wenzako. Kwenye barua yako ya mwisho uliandika kuhusu msichana wa darasa lako la tatu ambaye ukimwita anabaki mdomo wazi, ukasema umechoka naye na fimbo hazimwingii. Sina haki ya kukufundisha kazi. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza, kwenye kibao cha mlango, kwa kipande cha mkaa, na kila mtoto ninayemfundisha anakula katika chungu hicho. Nashukuru, na sijawahi kukuambia vya kutosha. Lakini nakuomba kabla hujashika fimbo tena, simama nyuma yake mahali asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, zunguka mbele, chuchumaa, umwite tena akikutazama.

Nibusie mama mikono yote miwili, na goti pia. Shemeji mwambie namkumbuka yeye na gitaa lake. Mjomba katekista nimemwombea, naye aniombee. Wanao waambie mjomba wao anawawaza kila siku, na yule mdogo aache kula chaki.

Ukishamwita huyo msichana, usingoje habari nyingine zijazane. Niandikie hilo tu, kama aligeuka.

Mdogo wako anayekushukuru,
Festo